Niliwaambia watoto hakuna anayesoma wanachotafuta, kumbe kuna anayesoma

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto huku Ilemela, upande wa Igombe, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka jioni tunasikia harufu ya dagaa walioanikwa. Nina miaka 41 na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa. Tuna watoto 34, wasichana 19. Mdogo kabisa ana miaka sita, wakubwa wawili wako kidato cha nne.

Mwaka jana wafadhili wetu wa Marekani walituletea kompyuta nane. Tukazipanga kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, watoto wanaingia kwa zamu baada ya chakula cha jioni, saa moja mpaka saa tatu. Sharti lilikuwa moja: iwekwe programu ya kuchuja intaneti, picha chafu na kamari zisipite. Nilifurahi. Fundi akaja kutoka mjini, akafunga, na kwa kuwa programu yenyewe inaelewa Kiingereza zaidi, akaongeza kwa mkono orodha ya maneno ya Kiswahili aliyoona hayafai. Kila mtoto akapewa jina lake la kuingilia. Siku ile ile watoto wakaibatiza hiyo programu: Sungusungu.

Matatizo yalianza kama mzaha. Darasa la sita walipewa kazi ya kutafuta habari za ngoma za Wasukuma, Wagika na Wagalu. Ukurasa mwekundu: umezuiwa. Wakajaribu makumbusho ya Bujora. Umezuiwa. Tukadhani mtandao ni mbovu, mpaka kijana mmoja wa kidato cha tatu akaanza kucheka peke yake kwenye kona. Mama, ndani ya neno "Wasukuma" kuna tusi. Fundi alikuwa ameliweka kwenye orodha, na mashine haijui neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Bibi Titi Mohamed. Fundi akapigiwa simu, akayafungulia majina hayo mawili, mengine akayaacha yalivyo.

Jumapili moja kwenye kikao chetu mtoto wa darasa la tano akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama, kuna mtu anasoma tunayoandika?" Nikamwambia hapana, ule ni uzio tu, uzio hauna macho. Nilikuwa naamini ninachosema.

Mwezi uliopita mkurugenzi alisafiri, akaniachia barua pepe ya ofisi. Jumatatu asubuhi ikaingia ripoti. Jedwali refu, majina ya watoto wote, kila walichoandika, saa na dakika. Kumbe inakuja kila wiki tangu mwanzo, na nakala inakwenda kwa wafadhili. Nilitaka kuifunga. Sikuifunga.

Nakuandikia mistari minne iliyokuwa mbele ya jina la binti mmoja wa kidato cha pili, ana miaka 15. Ni ya Jumanne usiku.

Saa 2:47, uvimbe kwenye titi unauma. Imezuiwa.
Saa 2:49, kidonge kwenye titi ni kansa. Imezuiwa.
Saa 2:52, kansa ya mama mtoto anarithi. Imeruhusiwa.
Saa 2:58, mtu wa kansa anaishi miaka mingapi. Imeruhusiwa.

Mama yake alifariki kwa saratani ya matiti. Iko kwenye faili lake, na mimi nilikuwepo siku analetwa, akiwa na miaka minane. Ni binti mkimya, msafi, hana makuu. Siku hizi anatembea amekumbatia daftari kifuani hata akienda bombani. Nilidhani ni ukubwa tu unaingia.

Nilimpigia mkurugenzi. Hakuwa mkali. Alisema wafadhili hao ndio wanaolipa gharama za shule za watoto kumi na mmoja, na kwao Marekani ni sheria shule kufanya hivyo. Akasema watoto wakijua wanasomwa watahamia kwenye simu za vijana wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na huko ni kubaya zaidi. Ushauri wake: aitwe nesi apime wasichana wote kama zoezi la kawaida, binti ataonekana humo humo, na siri itabaki siri.

Leo ni siku ya tano nimekaa na hilo. Nikisema ukweli, watoto 34 watajua niliwadanganya. Nikipita njia ya nesi, huo ni uongo wa pili. Na kinachoniumiza kuliko vyote ni kwamba nisingesoma ile ripoti, nisingejua. Sasa niache kuisoma? Na kama wiki ijayo kuna mtoto mwingine mwenye jambo zito kuliko hili?

Mlezi, Ilemela

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole.

Tuanze na mwili wa binti, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja wiki na huo hauwezi. Uvimbe au maumivu ya titi kwa msichana wa miaka 15 mara nyingi sana ni mambo ya ukuaji, au uvimbe usio wa saratani. Saratani ya matiti kwenye umri huo ni nadra mno. Historia ya mama yake ni jambo la kumtajia daktari, maana kuna saratani za matiti zinazofuata ukoo, lakini kufuata ukoo hakuna maana kwamba kila binti wa marehemu ataugua. Hayo mimi nakwambia wewe ili ulale. Yeye anahitaji kuyasikia kutoka kwa mhudumu aliyemgusa na kumwangalia, kituo cha afya kwanza, na wakiona haja wao wenyewe watamwandikia rufaa ya Bugando. Omba mhudumu mwanamke.

Angalia tena ile mistari minne. Swali lenye jibu la kumtuliza lilizuiwa. Lililopita ni la mtu wa kansa anaishi miaka mingapi. Hapo hapakuwa na neno la mwili, kwa hiyo Sungusungu wenu akafungua geti. Mtoto amekwenda kulala na jibu la swali la nne bila jibu la swali la kwanza.

Sasa mzigo wako. Kama nimekuelewa, unajua jambo uliloahidi kwamba hakuna anayelijua, na jambo lenyewe ni la kumsaidia mtoto. Kila mlango unaousogelea unakutaka uvunje kitu: ahadi yako, imani ya watoto, au uhusiano na wanaolipa ada. Umeandika kana kwamba mkosaji ni wewe. Niruhusu nisite kidogo hapo. Uongo ni kusema usichokiamini. Wewe ulisema ulichoambiwa. Siku uliyoiona ripoti ndiyo siku ahadi yako ilipokosa ukweli, na hiyo ni siku ya karibuni tu.

Na kuna sentensi moja kwenye barua yako imenifanya niirudie barua nzima: "nisingesoma nisingejua." Una hakika? Mistari michache juu yake umeniandikia habari za daftari kifuani, hata akienda bombani. Hilo hukulipata kwenye jedwali. Jicho lako lilishaona, ila likajieleza kwa haraka kwamba ni ukubwa unaingia, kama ambavyo jicho la mama mwenye watoto 34 linalazimika kujieleza kwa haraka. Sisemi ripoti haikusaidia. Imesaidia, na kukana hilo ni kujidanganya. Nasema tu si yenyewe peke yake iliyojua.

Hapo pana mlango ambao hukuutaja. Unaweza kumwita jioni, mkiwa mnachambua mchele au mnakunja nguo, umwambie ulichokiona kwa macho yako: mwanangu, naona siku hizi unabana kifua, kuna panapouma? Hilo ni kweli tupu, halina jedwali ndani yake. Anaweza kufunguka. Anaweza pia kusema "hakuna, Mama," na wewe ukabaki unajua anakuficha, naye hajui kwamba unajua, na hapo mazungumzo yanageuka mtego hata kama hukuyatega. Tena akija kugundua ripoti baadaye, ataukumbuka ule mchele.

Mlango wa pili ni kumweleza yote, yeye peke yake. Kwamba kuna ripoti, kwamba hukuijua, kwamba uliiona, kwamba umekuja kwa sababu hiyo. Wapo watoto wanaopumua wakisikia hivyo, kwa maana mtu mzima hatimaye ameubeba mzigo nao. Wapo wanaotamani ardhi iwameze. Msichana anayefunika kifua kwa daftari hatapenda kusikia kwamba jina lake na neno lile vimesafiri hadi ng'ambo. Wewe unamjua, mimi simjui. Ukichagua huu, usimwache na aibu usiku kucha. Kesho yake asubuhi muwe mnaelekea kituo cha afya.

Mpango wa mkurugenzi wa nesi kwa wote siukejeli. Una huruma ndani yake, na uchunguzi wa afya kwa watoto wote ni jambo jema la kufanya kila mwaka, mchana kweupe, kwa sababu yake yenyewe. Wasiwasi wangu ni kuufanya kuwa pazia. Wasichana 19 kupimwa kifua ili apatikane mmoja ni jambo kubwa kwao hata kama kwetu ni dakika kumi. Atakayeogopa kuliko wote ndiye atakayekuwa na tumbo linalouma siku hiyo. Na swali "kwa nini mwaka huu?" litaulizwa na yuleyule wa darasa la tano, ambaye tayari naona ana kipaji cha uandishi wa habari.

Nikuchekeshe kidogo kabla hatujaingia kwenye mitambo. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti kwenye kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu katikati ya jina la mji wao kuna herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Wasukuma mmepata watani wapya. Mshukuruni fundi hakuongeza "ziwa" kwenye orodha yake ya viungo vya mwili, maana hapo Mwanza nzima ingebaki na Mwamba wa Bismarck bila maji.

Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba mkurugenzi, fundi na wafadhili wameufunga pamoja mzigo wa vitu viwili: kuchuja na kuchungulia. Ukivifungua, unaweza kukuta kimoja unakipenda na kingine hukukitaka kamwe.

Kuchuja kunaweza kufanyika bila kumjua mtoto. Kila tovuti ina jina, na nyuma ya jina kuna namba. Kompyuta kabla ya kufungua tovuti huuliza mashine inayotunza orodha ya majina: huyu namba yake ngapi? Zipo mashine za namna hiyo zinazokataa kujibu zikiulizwa tovuti za ngono. Kampuni ya Cloudflare ilifungua huduma kama hiyo kwa familia mwaka 2020, bure; fundi anaandika 1.1.1.3 kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, na kazi imekwisha kwa kompyuta zote nane. Haisomi maneno, kwa hiyo Bibi Titi anapita bila kusimamishwa. Haijui nani kakaa kompyuta namba tano. Ila usiifanye dawa ya kila ugonjwa. Inafunga tovuti nzima au inaiacha nzima, haioni kilicho ndani ya tovuti iliyoruhusiwa, na mwenye bando lake kwenye simu anaipita pembeni kama mtu anayezunguka geti kwa kupita ufukweni.

Orodha ya maneno ya fundi ni kitu kingine. Hiyo inasoma herufi. Kwa lugha yetu inayobandika viambishi mbele na nyuma ya kila kitu, ni hatari kwelikweli, na watoto wanaotaka kuikwepa wanabadilisha herufi moja tu. Anayekamatwa nayo mara nyingi ni anayeuliza kwa unyofu. Ombi la kuifuta orodha hiyo, au kufungulia tovuti za afya, nadhani ndilo jepesi kuliko yote unayoweza kumpelekea mkurugenzi.

Ripoti yenye majina ndiyo kuchungulia. Mkurugenzi anasema kwa Marekani ni sheria. Hapo ana nusu ya ukweli. Bunge lao lilipitisha mwaka 2000 sheria inayozitaka shule na maktaba zinazopewa nafuu ya gharama za intaneti zizuie picha chafu, na shule zisimamie matumizi ya watoto. Lakini sheria hiyo haidai kufuatilia kila mtoto anatafuta nini, na Tume yao ya Mawasiliano imelieleza hilo waziwazi. Baadaye wakaongeza kwamba shule ziwafundishe watoto namna ya kuishi na watu mtandaoni. Uingereza nako mwongozo wa serikali kwa shule unataka kuchuja na kusimamia, na papo hapo unaonya wasizuie kupita kiasi hadi mtoto akose anachopaswa kufundishwa.

Na hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za watoto na za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake. Jedwali lenye jina la binti, neno uvimbe na neno kansa, likitumwa ng'ambo kila Jumatatu, limegusa yote matatu. Sikuambii umwendee bosi wako na sheria mkononi kama askari. Wewe ni mwajiriwa, na watoto kumi na mmoja wanasoma kwa fedha hiyo. Hofu yake si ya kipuuzi. Pengine wafadhili wenyewe hawajawahi kulifungua hilo jedwali. Pengine wakiambiwa tu kwamba kichujio chao kilimzuia mtoto kujua habari za mwanamke aliyeongoza kina mama wa TANU, watakuwa wa kwanza kuuliza nini kingine kimezuiwa. Lakini siwezi kukuhakikishia. Wapo wafadhili wanaotaka ripoti kwa sababu ripoti ndiyo inayowafanya wajisikie wapo.

Umeniuliza kama uache kusoma. Hapa ndipo mimi mwenyewe sina uhakika, na nitakueleza kwa nini.

Nilisoma bweni, zamani za barua. Matroni alikuwa akizifungua zote kabla hatujapewa, na kila mtu alijua. Tukajifunza kuandika kwa mafumbo. Kaka wa rafiki yangu aliitwa "shangazi wa Geita" kwa miaka miwili mizima, na matroni akawa ananisifu kwa kujali ndugu. Hakupata alichokitafuta, ila alifanikiwa kutufanya tusimpelekee hata yale tuliyohitaji kumpelekea. Mwenzetu mmoja aliumwa kimya hadi akaanguka mstarini. Kwa hiyo moyo wangu umeelemea upande mmoja, lijue hilo unaponisoma.

Kwa upande mwingine, kuna watu wazima wanaowawinda watoto mtandaoni, na mtoto aliyekwishanaswa si rahisi aje kukuambia. Mlezi anayesema "sitaki kuona chochote" naye ana hatari yake. Baadhi ya makao na shule hutafuta katikati: watoto wanaambiwa wazi kwamba kuna tahadhari kwa mambo machache ya hatari, nani anaiona, na akiiona atafanya nini. Kina gharama yake hicho pia. Wengine watanyamaza, yule wa bando ataendelea na bando lake. Lakini wanaobaki wanajua wamekaa mbele ya nani. Na liwepo lango lisilopita kwako: namba 116, Simu ya Mtoto, ni bure, ibandikwe ukutani pale stoo, juu ya kompyuta. Siku ukiona dalili kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, hapo hakuna tena suala la kuchagua, ni Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ahadi au hakuna ahadi. Ni vizuri watoto wakijua hilo mapema, lisije likawa geni siku hiyo.

Kuhusu kuwaambia wote 34: mkurugenzi anaogopa watakimbilia mwaloni. Mimi najiuliza kama hawajashuku tayari. Watoto hawaiti kitu Sungusungu kwa bahati mbaya. Babu zao waliwajua Sungusungu, na wale hawakuwa uzio, walikuwa watu wenye macho. Tatizo ninaloliona ni mpangilio. Ukitangaza Jumapili kabla hujaongea na binti, macho yataanza kuzunguka chumbani kutafuta ni nani aliyesomwa, na daftari lile litambana zaidi. Ukiongea na binti ukasahau wengine, atakuwa amebebeshwa siri ya kwako juu ya hofu yake. Anaweza hata kukusaidia kuamua, ukimuuliza. Ana miaka 15, tena ni yeye aliyekaa dakika kumi na moja akibadilisha maswali hadi akapata lililopita.

Ripoti nyingine itaingia Jumatatu. Sijui kama utakuwa umeongea na mkurugenzi, na sijui kama utaifungua. Ila kabla ya hapo mfikishe binti kwa mhudumu, na ukae naye kwenye foleni mwenyewe, usimtume na dada wa jikoni. Kisha niandikie, hata mistari miwili.

Mama Mshauri